Njia ya baiskeli hufia kwenye maungio: tuliyojifunza pembezoni mwa Dar es Salaam

Ukitaka kujua kama njia ya baiskeli ni nzima, usiitazame katikati. Katikati huwa inapendeza, hata kwenye picha za uzinduzi. Nenda pale inapokutana na barabara ya mchepuko, yaani ile inayochepuka kuingia mtaani, pale inapopita mbele ya kituo cha daladala, pale mtaro unapoikatiza, na pale mwenye nyumba alipomwaga zege lake ili gari lipande getini. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Hapo ndipo pia mwendesha baiskeli anapochoka, anarudi kwenye lami na kubanana na malori ya kokoto.

Tunayoandika hapa yametokana na kazi ya kamati ya mtaa mmoja upande wa kaskazini mwa jiji. Mtaa una barabara mbili zenye matatizo: barabara kubwa yenye njia mbili kila upande, na barabara ya mtaa yenye lami nyembamba inayoshuka kwenda sokoni na shule ya msingi. Mitaa mingi ya Goba, Chanika, Mbagala na hata Kibaha iko kwenye hatua hiyohiyo. Zamani barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na mashimo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakipunguza mwendo wa magari. Lami ilipofika, gari lililokuwa likipita taratibu sasa linakwenda kilomita 60 kwa saa, na baiskeli iliyokuwa ikijipitia pembeni haina tena pa kukanyaga. Wanaoshangaa kwamba ajali zimeongezeka baada ya barabara kuwa nzuri waanzie hapo.

Hesabu kabla ya barua

Ombi lisilo na namba huishia kwenye faili. Swali la kwanza utakaloulizwa na mhandisi ni moja: baiskeli ngapi? Ukijibu "nyingi sana", mazungumzo yameisha.

Hesabu ya kutosha inahitaji watu wawili kila kituo, karatasi, saa, na mwavuli. Gawanya karatasi kwa robo saa. Weka safu za mtu mzima, mtoto, mwanamke, baiskeli yenye mzigo, guta, na anayeikokota kwa mkono. Safu hiyo ya mwisho watu huiacha, na ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote: mtu mwenye baiskeli nzima akishuka na kuikokota mita 200 pembeni mwa barabara, barabara hiyo imemtisha. Andika pia anakoelekea na upande anaopita. Ukiona wengi wanakwenda kinyume na magari, usikimbilie kuwalaumu. Angalia kwanza mahali pa kuvukia pako umbali gani. Kwenye barabara yenye tuta la katikati linalotenganisha magari ya pande mbili, mtu anayetoka dukani kwenda nyumbani mita 150 upande huohuo hatakwenda mpaka kwenye mzunguko, avuke, arudi, avuke tena.

Saa nzuri ni kuanzia 12 hadi 3 asubuhi na 9 alasiri hadi 1 jioni, siku ya Jumanne au Jumatano, halafu siku ya gulio kama lipo. Angalau siku moja anza saa 11 alfajiri. Wauza maziwa, mikate na mkaa hupita kabla ya mhesabu wa kawaida hajaamka, na wao ndio wanaokuwa barabarani gizani bila taa. Epuka likizo za shule na siku za mvua kubwa, maana namba zitakuwa ndogo na zitatumika dhidi yako.

Mwendo wa magari upime pia, na hauhitaji kifaa cha polisi. Chora mistari miwili ya chaki yenye umbali wa mita 50 kati yake, mahali ambapo barabara imenyooka na hakuna foleni. Mtu mmoja akae mbali kidogo akiwa na simu yenye saa ya kupimia, asivae fulana inayong'aa, maana dereva akiona mtu wa kamati hupunguza mwendo. Gari likivuka mstari wa kwanza anza kuhesabu, likivuka wa pili simamisha. Gawanya 180 kwa idadi ya sekunde, unapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 4.5 ni 40; sekunde 3.6 ni 50. Pima magari 100 yasiyofuatana kwa karibu, yapange kuanzia la polepole hadi la kasi, kisha soma la 85. Hiyo ndiyo namba ambayo wahandisi huizungumzia, kwa sababu wastani huficha wenye kasi. Sheria inataka kisichozidi 50 kwenye maeneo ya makazi. Ukikuta la 85 linasoma 68, una hoja ambayo haihitaji hotuba.

Kuhusu ajali, kumbukumbu za polisi peke yake hazitoshi. Ajali nyingi za baiskeli hazifiki kituoni: mtu ameanguka, amechunika, ameinuka, ameondoka. Polisi watakuwa na zile zilizodai PF3, fomu ya polisi ya kupatia matibabu. Nenda zahanati uombe idadi tu, bila majina ya wagonjwa. Halafu kaa na fundi baiskeli wa mtaa. Rimu iliyojikunja kama namba nane, uma wa mbele uliorudi nyuma, pedali iliyopinda: kila kimoja kimeletwa na mtu ambaye ameeleza kilichomkuta. Mafundi wawili wakitaja sehemu ileile, weka alama nyekundu kwenye ramani. Ramani ya bure ipo tayari. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulichora kata nyingi za Dar es Salaam pamoja na mitaro yake kwa ajili ya mafuriko, na data yake iko kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Chapisha kipande cha mtaa wako, tembea nacho, tia alama kwa kalamu.

Mlango wa kubisha

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya na za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Ni jambo dogo, lakini barua ikipelekwa mlango usio wake inaweza kukaa miezi kabla mtu hajaandika "haituhusu". Pale barabara ya mtaa inapoungana na barabara kubwa, andika kwa wote wawili na kila mmoja umwambie kwamba mwenzake ameandikiwa. Maungio hayo ndiyo yanayoachwa yatima: mkandarasi wa huku anaishia kwenye mstari wake, wa kule anaishia kwenye wake, na katikati panabaki mita tatu za vumbi na shimo.

Ombi lipite kwenye mkutano wa mtaa kwanza, liingie kwenye muhtasari, liende kwa mtendaji wa kata na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo lifike halmashauri na kwa meneja wa wakala wa wilaya. Diwani apewe nakala mapema; hapendi kusikia jambo la kata yake kwa mara ya kwanza kikaoni. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini orodha za kazi hupangwa miezi mingi kabla. Ombi lililofika Mei limechelewa, hata kama Mei ndiyo mvua zimeharibu kila kitu na hasira za watu ziko juu. Lenga Oktoba au Novemba.

Omba vitu vinavyoweza kupigiwa bei. "Tunaomba njia salama ya baiskeli" haina bei. "Kivuko kimoja kilichoinuliwa mbele ya shule, matuta mawili, slabu za kufunika mtaro mita 120, na kushusha ukingo sehemu nane" ina bei, na mhandisi anaweza kuondoa kimoja akabakisha vingine badala ya kuondoa vyote. Panga kwa uzito, na kila kipengele kiambatane na picha moja yenye futikamba iliyolazwa chini ili kipimo kionekane.

Gharama za kamati yenyewe zipo, na ni vizuri watu wazijue mapema: kuchapisha, nauli, chai ya wahesabu, muda wa watu wanaoacha biashara zao kwenda kusubiri kwenye benchi la ofisi. Ofisi moja ilipokea faili letu, ikalipoteza, ikataka jingine. Kuanzia hapo kila barua ilipelekwa nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Ni unyonge kurudia jambo lilelile kwa kijana wa mapokezi kila wiki, lakini muhuri wenye tarehe ni silaha.

Mwendo kwanza, rangi baadaye

Watu hudai njia ya baiskeli iliyochorwa. Kwenye barabara ya mtaa yenye upana wa mita sita, kuchora njia ni kupoteza rangi. Gari litaikanyaga, bodaboda ataiegeshea, na mwendesha baiskeli ataamini kwamba analindwa na mstari. Barabara kama hiyo inahitaji mwendo ushuke hadi kilomita 30 kwa saa ili baiskeli na gari viweze kuchangia lami. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani liliitaja 30 hiyohiyo kwa mahali ambapo magari yanachanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli.

Sababu ni ya hesabu tu. Dereva mzima huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 50 anakuwa ameshasafiri mita 14 kabla hajaanza kufunga breki, na kwenye lami kavu atahitaji karibu mita 14 nyingine kusimama. Jumla ni 28. Kwa kilomita 30, jumla haifiki mita 14. Mtoto akitokea mita 14 mbele, dereva wa 30 anasimama, wa 50 anamgonga kwa mwendo wake wote, breki hata hazijashika.

Tuta ndilo linaloshusha mwendo usiku na mchana, polisi awepo asiwepo. Lakini lina vipimo. La mviringo linalofanya kazi lina urefu wa karibu mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10. Matuta yanayomwagwa na wananchi kwa hasira baada ya mtoto kugongwa huwa na upana wa kama nusu mita na kimo cha sentimita 15 au zaidi. Hayo huvunja springi, humwaga trei za mayai, na humlazimisha mwenye baiskeli kukwepa pembeni ambako kuna mtaro. Gari kubwa likiyapita, mzigo unaruka na kuangukia aliye pembeni. Zaidi ya hapo ni kosa kisheria kujenga kitu barabarani bila kibali, na likisababisha ajali mtaa wenyewe ndio utakaoulizwa.

Tuta lisilo na rangi wala kibao ni mtego wa usiku. Kibao kiwe mbele kidogo, mita 30 hadi 50, na tuta lichorwe meno ya njano au meupe. Rangi ya kawaida ya ndoo kwenye barabara yenye vumbi hufutika upesi. Rangi ya kuyeyushwa kwa moto yenye chembe za kioo inagharimu zaidi lakini inang'aa kwenye taa za gari na inadumu. Kuhusu rasharasha, vile vituta vidogo vya mfululizo, dai ziachwe mita moja kabla ya ukingo. Zikifika mpaka mwisho, baiskeli yenye madumu hutetemeka mpaka kamba za keria zinalegea, na mwendeshaji anachagua kuhamia katikati ya barabara.

Mbele ya shule, kivuko kilichoinuliwa kinashinda zebra ya rangi. Ni tuta lenye kichwa bapa: sehemu ya juu mita 3 hadi 4, iko usawa mmoja na njia ya miguu, na miteremko miwili ya magari. Mtoto havuki tena kwa kushuka barabarani. Gari ndilo linalopanda kwake. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi kuzunguka shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, ulipata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa vitu vya namna hii: matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo fupi. Taja mpango huo kwenye barua. Wahandisi wengi wanaufahamu.

Kwenye maungio

Barabara kubwa ndiyo inayohitaji njia iliyotengwa. Mita 1.5 kwa upande mmoja ni kiwango cha chini kabisa, na kwa hapa kwetu ni finyu, kwa sababu guta peke yake linachukua karibu mita 1.2 na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa haipishi kitu. Mita 2 ndizo zinazoruhusu mmoja kumpita mwenzake. Ikiwa njia inabeba pande zote mbili, isipungue mita 3. Upana huu upimwe pale palipo wazi kweli: nguzo ya umeme ikisimama ndani ya njia ya mita 2, una njia ya mita 1.2.

Sasa ukingo, ule wa zege unaotenganisha njia na lami. Michoro husema ukingo "umeshushwa" kwenye kila kona. Mkandarasi hushusha, lakini huacha mdomo wa sentimita tatu au nne kwa sababu anaogopa maji yasipande. Kwa mtembea kwa miguu si kitu. Kwa tairi linalokuja kwa pembeni, kama linavyokuja pale mtu anapopinda kuingia kwenye njia, mdomo huo hufanya kazi ya reli: gurudumu la mbele linateleza sambamba nao, baiskeli inabaki, mwili unaendelea. Mtihani wake ni rahisi. Chukua baiskeli moja nzito, zile za fremu nyeusi zenye breki za vyuma, funga madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kila upande wa keria, isukume kwa mwendo wa kutembea ikipanda ukingo kwa pembe kali, sio moja kwa moja. Gurudumu likikwama au likiteleza, ukingo haujashushwa. Kisha mwaga ndoo ya maji juu ya mteremko uone yanakwenda wapi. Njia inapaswa kulala sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Yakituama, wakati wa masika hapo patakuwa na tope, na tope juu ya pavingi huteleza kuliko sabuni. Mhandisi msimamizi akiona gurudumu likigoma mbele yake hahitaji kushawishiwa.

Pavingi zenyewe: unene wa milimita 60 unatosha kwa baiskeli na miguu, lakini kila mahali gari linapokatiza, getini, sheli, kwenye mchepuko, ziwe milimita 80 na zipangwe kwa mtindo wa mfupa wa samaki. Zikipangwa kwa mistari iliyonyooka, magurudumu yanayokata kona huzisogeza. Chini kuwe na mchanga wa sentimita 3 hadi 5 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na pembeni ukingo wa zege wa kuzibana. Bila wa kuzibana zitaachana, na nafasi itakayofunguka ni kipimo sawasawa cha tairi la baiskeli.

Mtaro ulio wazi ni hatari kubwa kuliko gari kwa anayeendesha usiku. Kuufunika kwa vyuma vya wavu kuna matatizo mawili. Vyuma vikilazwa kufuata mwelekeo wa barabara, tairi jembamba linazama katikati yake. Na chuma huibwa kikauzwa chakavu. Slabu za zege haziibwi. Kosa linalorudiwa ni kumwaga slabu ndefu ya mita moja: kwa upana wa sentimita 70 na unene wa 10, ina uzito wa kilo 170 na zaidi, hakuna anayeiinua kusafisha, na mtaro unaziba chini yake. Mwaga za nusu mita. Uzito unashuka hadi kilo 85 hivi, na watu wanne wanainua bila kuumia migongo. Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa slabu nne hivi. Nondo za milimita 10 zipangwe kila sentimita 15, za kubeba zikilala kutoka ukingo hadi ukingo wa mtaro, na ziwe karibu na sehemu ya chini ya slabu, zimeinuliwa kama sentimita 2.5 kwa vipande vidogo vya zege. Mafundi wengi huziweka katikati au juu, na slabu inapasuka gari la kwanza likipanda. Weka kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili wakati wa kumwaga ili kubaki tundu la kuinulia. Mwagilia maji siku saba, funika kwa magunia, usiruhusu mtu kupanda kabla. Paliko na geti la gari, slabu hiyo haitoshi. Mhandisi atoe kipimo chake.

Kwenye mchepuko, njia ya baiskeli isishuke. Iendelee katika usawa wake, magari ndiyo yapande na kushuka, na rangi ya pavingi ibadilike ili dereva aone kuwa anakatiza njia ya wengine. Kona yenyewe iwe kali. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 10 inamruhusu dereva kuingia bila kupunguza mwendo. Ya mita 4 au 5 inamlazimisha kupinda taratibu. Utaambiwa malori yatashindwa. Uliza malori mangapi yanaingia mtaani kwa siku, na saa ngapi. Hesabu yako iwe tayari na jibu. Ondoa vibanda, mabango na matofali ya kuuza mita 10 kutoka kwenye kona. Hapo mtaa unaweza kufanya peke yake, bila bajeti, ingawa ni kazi ya kugombana.

Kituo cha daladala kinavunja njia kuliko kitu kingine chochote. Njia ikipita mbele ya kibanda, abiria wanasimama juu yake na gari linakatiza kila dakika. Ipite nyuma ya kibanda, na kati ya kibanda na barabara kubaki jukwaa la abiria la mita 2.5. Ukikuta hifadhi ya barabara haitoshi, bora kusogeza kituo mita 40 kuliko kubana njia. Sheli nazo zina midomo mipana mno. Omba midomo miwili iliyobanwa, wa kuingia na wa kutoka, badala ya uwazi mmoja wa mita 30 ambao gari linaweza kutokea popote.

Bodaboda na wauzaji

Njia zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, zimewafundisha wote jambo moja: njia tambarare, safi na isiyo na magari ni kiwanja cha biashara. Si uhuni wa mtu. Mama ntilie anafuata miguu ya watu, na miguu iko hapo.

Kuwafukuza kwa mgambo kunafanya kazi mpaka mgambo anapokwenda kula. Kinachodumu ni kuwapimia sehemu. Nyuma ya njia, upande wa maduka, kamba ivutwe, mstari uchorwe kwa rangi, nafasi zihesabiwe na viongozi wa wauzaji wenyewe wazigawe. Upana wa mita 1.2 hadi 1.5 unatosha meza na mtu kusimama nyuma yake. Kinachosahaulika ni mteja: naye anasimama mbele ya meza, yaani juu ya njia. Kwa hiyo acha nusu mita kati ya meza na njia. Kikao cha kwanza kitakuwa kikali, maana wauzaji wameshaahidiwa mengi. Nendeni na kamba na chaki, muwapimie papohapo, maneno yanapungua.

Bodaboda hazuiliki kwa nguzo fupi. Nguzo zilizoachana mita 1.5 huzuia gari, lakini pikipiki inapita popote inapopita baiskeli, na ukizibana zaidi umelizuia guta na kiti cha magurudumu. Ziwekwe kwa ajili ya magari tu, zenye kimo cha karibu mita moja na stika za kung'aa pande zote, na kamwe isiwekwe moja peke yake katikati ya njia bila rangi ya kutangulia. Pikipiki huingia kwenye njia kwa sababu mbili: foleni, na kukwepa mzunguko wa mbali. Ya pili inatibika kwa kufungua mahali pa kuvukia karibu na kijiwe. Halafu chama cha kijiwe kiweke faini yake chenyewe. Dereva atamdharau mwenyekiti wa mtaa, lakini mwenyekiti wa kijiwe anaweza kumwambia apumzike siku mbili.

Baiskeli zenyewe tutazisema kwa ufupi. Siku ya ukaguzi wa bure pamoja na fundi, shuleni na sokoni, inagharimu raba za breki, nati, mafuta na chakula cha fundi. Breki ya mbele ndiyo inayokosekana zaidi. Wengi huing'oa kwa kuogopa kurushwa. Rimu ya chuma ikilowa, breki inashika baada ya mizunguko kadhaa ya gurudumu, kwa hiyo mwenye madumu manne, kilo 80 hizo, aguse breki mara kwa mara akiwa bado juu ya mlima kabla ya kuhitaji kusimama. Stika nyekundu ya kung'aa ya upana wa sentimita 5 kwenye madigadi ya nyuma, na vipande vyeupe kwenye uma wa mbele, ni bei ya soda na vinaonekana mbali. Watoto wanaoendesha baiskeli za baba zao kwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu hawafikii breki vizuri. Hao waambiwe washuke kwenye mteremko wa soko, na aambiwe mzazi pia.

Baada ya mkandarasi kuondoka

Mvua za vuli au masika za kwanza ndizo zinazokagua kazi. Tembea njia nzima saa moja baada ya mvua, piga picha kila dimbwi, kila mchanga ulioletwa na maji. Mchanga mkavu kwenye kona huangusha sawa na mafuta. Na wanaozibua mitaro hutupa tope juu ya njia ya baiskeli, kwa sababu ndiyo sehemu bapa iliyo karibu, wakisubiri likauke ndipo libebwe. Halibebwi. Mkataba wa usafi, hata ule wa mdomo kati ya mtaa na vijana, uwe na sharti kwamba tope linaondoka siku hiyohiyo na malipo yanafuata baada ya hapo.

Rudia vipimo vile vya mwanzo, mahali palepale, siku ileile ya wiki, kwa karatasi ileile. Angalia hasa ile safu ya wanaokokota. Na namba ya gari la 85 ipelekwe kwa diwani, iwe imeshuka au haijashuka.

Kazi ya barabara huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambapo mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro na sehemu ya fedha zake bado imezuiwa. Uliza mapema kinaisha tarehe gani. Miezi miwili kabla, pita tena na baiskeli nzito na ndoo ya maji pamoja na fundi na mtendaji, andika orodha yenye namba, mahali, kipimo na picha: ukingo uliobaki na mdomo, pavingi zilizozama, slabu iliyopasuka, nguzo iliyolala. Ipeleke nakala mbili, ugongewe muhuri. Ikipita tarehe hiyo, slabu moja iliyovunjika itasubiri bajeti ya mwaka mwingine.